Bastola Kwenye Mkoba wa Mfungua Maji

Siku ya kumi na tisa tangu amri ya silaha itoke, Mfungua Maji alivunja sheria akiwa ndani ya sare ya ofisi ya maji. Alipanda juu ya kiti, akaitoa bastola ya marehemu baba yake juu ya kabati, akaiviringisha kwenye tambara la kufutia grisi, akaisokomeza chini kabisa ya mkoba wa kazi. Juu yake akapanga spana mbili, tochi na kopo la grisi. Kisha akanawa mikono mara mbili, kama mtu aliyetoka kuchinja.

Bastola yenyewe hakuwahi kuipiga. Baba yake alimwonyesha jinsi ya kuishika alipotimiza miaka kumi na minane, basi, ikarudi kabatini na hadithi ikaishia hapo.

Mtaani walimwita Mfungua Maji, ingawa nusu ya kazi yake ilikuwa kufunga. Mwenyewe alikuwa na msemo wake: anayefungua ana marafiki mia, anayefunga hana hata shangazi. Kila zamu ya maji alibeba begani ufunguo wa chuma uliomfika kifuani, wenye mkono wa kupita juu, akaenda kwenye chemba mbili, mashimo ya saruji yenye koki kuu ndani. Bomba kuu lilikuwa moja, mitaa ilikuwa miwili, na maji hayakutosha hata mmoja. Mtaa wa Juu ulipata mpaka saa nne asubuhi. Mtaa wa Chini ulipata kuanzia saa nne mpaka saa sita. Baada ya hapo, siku tatu za kumeza mate mpaka zamu irudi.

Bunduki ziliingia kwa mlango huo. Mtu wa Juu alimfuma mtu wa Chini akitoboa bomba. Mtu wa Chini akamfuma wa Juu amesimama kwenye koki na panga. Mmoja akatafuta bastola ili asitishwe na mwenye panga, jirani yake akatafuta ya kwake ili asibaki mkono mtupu, na kabla mwaka haujaisha foleni ya maji ilikuwa na vyuma vingi kuliko ndoo. Mzee Spana, aliyemfundisha Mfungua Maji kazi, alipigwa risasi ya mgongo akiwa ameinama juu ya chemba ya Chini. Foleni ilikuwa na watu mia mbili na shahidi hakupatikana hata mmoja. Juu walisema ni wa Chini, Chini wakasema ni wa Juu, faili likasema uchunguzi unaendelea.

Ndipo ikaja amri: marufuku kubeba silaha nje ya nyumba yako, uwe na kibali usiwe nacho. Kizuizi kikawekwa njia panda, katikati ya mitaa miwili. Wanaume wakaambiwa wachomekee mashati na wageuke kama vishada ndipo wapite. Walinung'unika, wakachomekea. Na ukweli usemwe, kwa siku kumi na tisa hakuzikwa mtu kwa risasi.

Sasa, kwa nini leo? Kwa sababu ya simu. Ilipigwa saa moja asubuhi na Mhandisi wa ofisi ya maji.

"Leo Chini ufunge saa tano na nusu."

"Mkuu, ratiba inasema saa sita. Watu wameihifadhi kama sala."

"Presha imeshuka. Tangi la Juu halijai."

"Basi toeni tangazo."

"Tangazo litaleta vurugu. Wewe funga taratibu tu, hawatajua."

"Mwenye kiu hata tone likikoma analisikia, mkuu."

Mhandisi alicheka kidogo puani. "Si kuna amri sasa? Si wamenyang'anywa meno? Unaogopa nini?" Akakata simu.

Mfungua Maji alibaki ameishika simu sikioni. Akilini akamwona Mzee Spana ameinama. Ndipo alipokwenda kuvuta kiti.

Kwenye kizuizi alikuwepo kaka yake. Alikuwa sajini, mkuu wa kizuizi, mtu mpana mwenye sauti ya kuamsha ukoo mzima. Askari wa kike hakupangiwa hapo, kwa hiyo wanawake walipita hivi hivi, na hata angekuwepo, nani angempekua dada wa sajini? Kaka hatii mkono kwenye mkoba wa dada yake. Ni jambo la aibu, kila mtu analijua, na Mfungua Maji alikuwa amelihesabia.

"Mdogo wangu! Siku kumi na tisa," kaka alisema, akionyesha vidole kana kwamba anavyo kumi na tisa. "Sifuri. Hakuna maiti. Nani alisema haiwezekani?"

"Na maji? Siku ngapi hayatoshi?"

"Umeanza."

"Nauliza tu. Bunduki haileti kiu, kaka. Kiu ndiyo iliyoleta bunduki. Umekata majani, mzizi umeuacha unakunywa."

"Unakunywa nini, na wewe ndiye unayewafungia?" Akacheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Jani nalo linaua. Acha mimi nikate jani asubuhi, mtu aishi, mzizi wataung'oa jioni wenye majembe. Mzee Spana angekuwa hai ungemweleza habari za mizizi?"

Aliona kuwa kaka yake hakukosea. Alivuta hatua apite. Kaka akaudaka mkoba kwa chini ili amsaidie kuutengeneza begani, kama alivyozoea.

"Mbona mzito leo?"

"Grisi. Wametupatia makopo mapya."

Mkono wa kaka ulikaa pale, chini ya mkoba, kwa muda wa pumzi mbili. Macho yao yalikutana. Kisha aliutoa mkono, akautazama, akaufuta kwenye suruali. "Nenda salama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Alifunga Juu bila taabu. Saa nne kamili alifungua Chini, mabomba sita ya ukutani yakakohoa, yakatema kutu, yakatema hewa, kisha yakatoa maji. Watu walipiga vigelegele vifupi, vya watu wasiotaka kupoteza muda.

Foleni ilisimamiwa na mama mmoja mnene aliyeitwa Bi Foleni, ambaye hakuchaguliwa na mtu wala hakupingwa na mtu.

"Wewe! Hilo ni dumu au ni tangi la treni?"

"Dumu, mama."

"Dumu lina nyumba na vyumba? Rudi nyuma na ghorofa lako!"

Watu walicheka. Mfungua Maji alikaa juu ya ukingo wa chemba, hatua arobaini kutoka kwao, akajaribu kucheka nao. Kila dakika tano aliangalia saa, na kila alipoangalia aliona watu ni walewale, kama hawapungui. Saa tano. Saa tano na robo. Katika foleni alimwona Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye makovu meupe ya moto mikononi. Kabla ya amri, Cheche alikuwa haendi bombani bila bastola kiunoni, upande wa kulia, na akiongea alikuwa akiigusa kama wengine wanavyogusa ndevu. Leo alikuwa na ndoo mbili na shati lililochomekewa vizuri, kama mtoto wa shule.

Saa tano na nusu.

Kazi ya kufunga koki kuu ina ubaya wake mmoja: huwezi kuifanya bila kuwapa watu mgongo. Unainama, unateremsha ufunguo shimoni mpaka ukamate kichwa cha koki, kisha unazungusha kwa mabega, uso ukiwa umeelekea chini. Koki ya Chini ilifungwa kwa mizunguko ishirini na minane. Mzee Spana alimfundisha: ishirini ya mwanzo ni siri yako, maji hayaonyeshi tofauti, minane ya mwisho ni ya watu wote. Mfungua Maji aliuweka mkoba kando ya goti, akaufungua zipu, akalivuta tambara juu ya spana. Akainama.

Moja. Mbili. Tatu. Ngozi ya mgongo ilimsisimka, katikati kabisa, pale ambapo risasi ilimpata mzee. Kumi. Kumi na moja. Bi Foleni anamtania mtu kuhusu mkewe. Kumi na nane. Kicheko. Ishirini. Ishirini na moja.

Kicheko kikakatika.

"Mbona yananyong'onyea?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Ishirini na mbili. Nyayo zilikuja juu ya changarawe, za mtu mmoja, hazikukimbia. Kivuli kikaangukia chemba.

"Dada."

"Cheche, niache nifanye kazi."

"Kazi gani? Hii ni saa tano na nusu. Au saa yako wameirekebisha Juu?"

"Ratiba imebadilika. Ofisi imenipigia simu."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Na sisi umetuambia lini?"

Mikono ya Mfungua Maji ilikuwa bado kwenye ufunguo, na mkono mmoja ulianza kuondoka wenyewe, polepole, kuelekea mkobani.

"Mke wangu amejifungua juzi," Cheche alisema. Sauti ilimpanda. "Juzi, dada! Kitoto kinanuka maziwa yaliyochacha, hakuna maji ya kukiogesha. Mimi niko hapa tangu saa kumi na moja alfajiri. Wamebaki watu wanne mbele yangu. Wanne! Halafu wewe unainama hapo unatufunga kimya kimya kama mwizi?"

Kivuli cha mkono wake kilisogea. Mfungua Maji alikiona chini, juu ya saruji ya chemba, wazi kama picha: kiwiko kikapinda, kiganja kikateremka upande wa kulia, kiunoni.

Hakuwaza. Baadaye alijaribu kukumbuka alichowaza, akakuta patupu. Vidole vyake vilipita kwenye tambara, vikashika, vikavuta, na alipogeuka, tambara lilikuwa limeanguka na mdomo wa bastola ulikuwa unatazama kitovu cha Cheche, hatua moja tu mbele.

Cheche alikuwa ameshika kiuno chake. Shati limechomekewa. Mkanda. Hapakuwa na kitu kingine. Kiganja kilipapasa pale mahali mara mbili, kwa mazoea, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, kisha kikasimama. Aliangalia mkono wake mwenyewe kwa mshangao. Halafu akainua macho, akaona.

Kidole cha Mfungua Maji kilikuwa mahali pabaya, naye hakujua jinsi ya kukitoa.

"Ana chuma!" Bi Foleni alipiga ukelele. "Mama yangu wee, Mfungua Maji ana chuma!"

Foleni ikapasuka. Watu walikimbia kwa pande zote, wakarukana, wakakanyagana, na ndoo zilizokuwa zimeshajaa zikapinduka moja baada ya nyingine, maji ya tangu alfajiri yakatiririka kwenye vumbi mpaka yakamfikia Mfungua Maji pale alipopiga magoti. Milango ikabamizwa. Kisha kukawa kimya kibaya, cha mchana kweupe.

Cheche peke yake hakukimbia. Labda miguu ilimgomea. Alinyanyua mikono, akaonyesha viganja vyenye makovu.

"Kitoe hicho kidole, dada. Taratibu."

Alikitoa. Alikitoa kama mtu anayechomoa mwiba. Bastola ikateremka mpaka ikagusa changarawe.

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Hata mimi nilidhani ninayo." Cheche alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Ningekuwa nayo, sasa hivi tungekuwa tumelala hapa wawili na inzi." Aliketi chini, pwaa, kwenye matope. "Yangu iko nyumbani, chini ya sufuria. Unajua kwa nini niliiacha? Kaka yako alisimama pale njia panda akatuapia. Hakuna mtu atakayekuwa nayo. Hakuna mtu. Nikasema haya, kama hakuna mtu, basi na mimi ni mtu."

Mahali fulani, ndani ya nyumba, kitu kizito kilikuwa kinaburutwa sakafuni.

"Wamekwenda kufanya nini?" Mfungua Maji aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe ulipoogopa ulifanya nini?"

Neno hilo lilimwingia kuliko risasi. Aliwaona wote, mlango kwa mlango, wakipanda juu ya viti, wakipapasa juu ya makabati, chini ya vitanda, chini ya sufuria. Habari ingefika Juu kabla ya adhuhuri: Chini wameanza kubeba tena. Na Juu nao wana makabati. Siku kumi na tisa zingemalizikia hapa, kwenye mkoba wake.

Aliinuka. Akashika mkono wa ufunguo uliokuwa umesimama shimoni, akausogeza kuelekea kwa Cheche.

"Zungusha kushoto. Mara ishirini na mbili, usizidishe, utavunja shingo ya koki."

"Mimi?"

"Wewe. Kaogeshe mtoto."

"Na ofisi yako?"

"Ofisi nitaijibu nikiwa hai."

Akaiinua bastola kwa vidole viwili, kwa kitako, akaitanguliza mbele yake juu kama mtu anayebeba panya mfu kwa mkia, akaanza kutembea katikati ya barabara. Ni hatua mia tatu mpaka kizuizini. Aliona mapazia yakisogea. Aliona dirisha moja likifunguka upana wa kiganja, na ndani yake giza. Alitamani kukimbia, lakini anayekimbia na bastola haulizwi anakwenda wapi. Alitembea. Na kwa sauti ambayo hakuijua, alianza kusema, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa nguvu, kwa madirisha yote: "Ninaipeleka! Mnaniona? Ninaipeleka! Bakini ndani! Ninaipeleka!"

Mapazia yakarudi mahali pake.

Kaka yake alimwona kwa mbali. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mfungua Maji alipofika aliiweka bastola juu ya meza, mbele ya askari wengine wawili, mbele ya watu wa Juu waliokuwa wakisubiri kupekuliwa, mashati yao yamechomekewa.

"Umeniua, mdogo wangu," kaka alisema polepole.

"Nipekue."

"Nini?"

"Nipekue hapa hapa, waone. Mwaga mkoba."

"Wewe ni dada yangu!"

"Ndiyo maana imepita. Uliusikia uzito asubuhi, kaka. Uliusikia."

Uso wa sajini ukabadilika rangi. Aliuchukua mkoba, akaugeuza juu chini. Spana, tochi na kopo la grisi vikagonga meza. Alipapasa mifuko ya sare ya dada yake akiwa ametazama pembeni. Kisha akamwingiza kibandani, akavuta kitabu cha fomu, akafungua kalamu.

"Nitakufungulia kesi. Na mimi nitajifungulia kesi yangu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Lakini umeona?" Hakuweza kujizuia. "Cheche yuko hai. Angekuwa na ya kwake je?"

"Tungekufa wote. Amri yako imemwokoa, sikatai. Na Mhandisi naye ameitumia hiyo hiyo kutupunguzia nusu saa, kwa kuwa hatuna meno. Hilo nalo usilikatae."

Kaka aliandika jina lake, kazi yake, aina ya silaha. Kalamu ikasimama.

"Sababu ya kubeba."

"Andika maji."

"Fomu haina maji."

"Kama sisi tu. Basi andika woga."

"Woga nao haumo. Kuna wizi, ugomvi wa ndani, ulevi, uwindaji, na mengineyo." Alisoma kwa sauti kavu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaisoma.

Alitia alama kwenye mengineyo.

Kupitia dirisha la kibanda waliweza kuona Mtaa wa Chini wote, mpaka kwenye ukuta wa mabomba. Cheche alikuwa amemaliza kuzungusha. Mabomba yote sita yalikuwa yanamwaga kwa nguvu zote, maji meupe, mengi, kama hayajawahi kuonekana pale kwa mwaka mzima, yanaanguka juu ya ndoo zilizopinduka. Cheche alijaza mbili za kwake, akaondoka nazo kwa haraka, akiangalia kila upande. Baada yake hapakuja mtu. Saa sita ilifika, maji yanamwagika, mtaa mzima una kiu, na bombani hakuna hata paka.

"Kwa nini hawatoki?" kaka alinong'ona.

Mfungua Maji alikuwa anahesabu milango.

Wa tatu kutoka mwisho ulifunguka. Alitoka Bi Foleni. Alisimama kizingitini, akasikiliza, akatia mguu barabarani. Kaka na dada walisogea dirishani bega kwa bega, na wote wawili, bila kuambiana, walitazama mikono yake kwanza.

Mmoja ulikuwa umeshika dumu. Mwingine ulikuwa ndani ya nguo.